Ungit na Meza ya Bwana: Kafara ya Mungu Mke wa Ardhi katika Hadithi ya C. S. Lewis

1. Utangulizi

Kila anayefundisha habari za upatanisho, awe darasani au katika kipindi cha kipaimara, hukutana na swali moja ambalo halizeeki: Ikiwa miungu ya mataifa ilidai damu ili itulie, na Mungu wetu naye akapokea damu ya Mwanawe, tofauti yao ni nini? Swali hili halipaswi kubezwa. Mara nyingi anayeliuliza ni mtu aliyesikiliza mahubiri kwa makini kuliko wenzake. Na mhubiri asipokuwa na jibu, msikilizaji huyo atajipatia la kwake: ama ataona kwamba msalaba ni tambiko kubwa kuliko matambiko mengine, ama ataona kwamba habari yote ya damu ni mabaki ya zama za giza, nasi tuiache tubakie na maadili mema.

Katika makala hii tunakusudia kulitazama swali hilo kwa kupitia hadithi ya kubuni. Mwandishi wake ni C. S. Lewis, mwanazuoni wa Kianglikana aliyezaliwa Belfast mwaka 1898 na kufariki mwaka 1963. Riwaya yenyewe inaitwa Till We Have Faces, nayo ilitolewa mwaka 1956. Ndani yake Lewis alijenga ufalme ambao haumo katika ramani yoyote, akauwekea mungu mke wa ardhi, hekalu, kuhani na kafara. Tumeichagua kwa sababu inawaacha wote wawili, mtetezi wa kafara na mpinzani wake, waseme kwa nguvu zao zote kabla ya kuwahukumu.

Yafaa kwanza tukumbuke utajiri wa lugha yetu katika jambo hili. Tunalo neno dhabihu, ambalo Biblia ya Kiswahili hulitumia kwa mnyama achinjwaye madhabahuni. Tunalo neno sadaka, yaani kipawa. Tunalo tambiko, neno la mababu zetu. Na tunalo kafara, lililotujia kwa njia ya Kiarabu, ambalo ni la jamaa moja na neno la Kiebrania la kufanya upatanisho. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, tunaposema kwamba fulani ametolewa kafara, tuna maana kwamba wengine wamejiokoa kwa kumwangamiza yeye. Maana hii ya mwisho ndiyo tutakayokutana nayo kwanza.

2. Hadithi na chimbuko lake

Lewis hakuianza hadithi yake mahali patupu. Aliichukua kutoka kwa Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 aliyetoka Madaura, mji wa Afrika ya Kaskazini katika nchi iitwayo leo Algeria. Ni mji huo huo ambao Agostino alisoma shule katika ujana wake, na baadaye alibishana na mafundisho ya Apuleius juu ya mapepo katika kitabu chake cha Mji wa Mungu. Katika masimulizi ya Apuleius, binti mfalme aitwaye Psyche ni mzuri mno hata watu wanaanza kumwabudu. Mungu mke Venus anaona wivu. Unabii wa Apollo unaagiza binti huyo apelekwe mlimani awe bibi arusi wa joka. Huko anachukuliwa na mwana wa Venus mwenyewe.

Lewis aliyahamisha hayo yote hadi Glome, ufalme mdogo wa kubuni ulio mbali na nchi ya Wayunani. Huko Venus hayupo. Yupo Ungit, naye ni jiwe jeusi lisilo na kichwa, wala mikono, wala uso. Hekalu lake lina giza na harufu ya damu, mafuta yaliyoungua na ubani. Kuhani wa baadaye, Arnom, anasema kwamba Ungit ni ardhi, tumbo na mama wa vyote vilivyo hai. Mwana wake ni mungu wa Mlima wa Kijivu.

Mfalme wa Glome ni Trom, mtu mkatili na mwoga. Anao mabinti watatu: Orual, ambaye ni mbaya wa sura; Redival; na mdogo wao Istra, ambaye kwa Kiyunani anaitwa Psyche. Mwalimu wao ni mtumwa Myunani, mfuasi wa falsafa ya Wastoiko, anayeitwa Mbweha. Msimulizi ni Orual mwenyewe, ambaye katika uzee wake anaandika kitabu cha kuwashtaki miungu.

Mashaka yanaingia Glome moja baada ya jingine: homa, ukame, njaa. Kwanza watu wanamwendea Psyche awaguse wapate kupona, na wanamwinamia kana kwamba ni mungu. Ugonjwa usipokoma, watu wale wale wanaanza kumwita Mlaaniwa. Ndipo Kuhani wa Ungit anapofika ikulu na kutangaza kwamba nchi haitatakasika bila Dhabihu Kuu. Kura imepigwa, nayo imeiangukia nyumba ya mfalme. Mtolewaji atafungwa kwenye Mti mtakatifu mlimani, naye ataliwa na Mnyama, au ataolewa naye. Katika lugha ya siri ya hekalu, kupenda na kula ni kitu kimoja.

3. Kuhani na Mbweha

Mjadala unaofuata ni kiini cha sehemu ya kwanza ya riwaya, na wanafunzi wa teolojia wangefanya vema kuusoma kwa utulivu.

Mbweha anasimama kumtetea Psyche. Anaonyesha kwamba maneno ya Kuhani yanapingana. Mtolewaji anaitwa mlaaniwa, na papo hapo anatakiwa awe mkamilifu kuliko wote. Ataliwa, na papo hapo ataolewa. Mbweha anataka hoja iliyonyoka. Kwake yeye miungu haina wivu wala hasira, na habari za Ungit ni hadithi za washairi na hofu za wakulima.

Kuhani, ambaye ni mzee na kipofu, hajaribu kuiondoa migongano hiyo. Anajibu kwamba hekima ya Wayunani ni safi na nyepesi, lakini haileti mvua wala haioteshi nafaka. Mambo matakatifu, kwake, yana giza na uzito wa damu. Tena anajua jambo ambalo Mbweha halijui, kwamba yaliyo bora ndiyo yatolewayo, na kwamba mmoja aweza kusimama mahali pa wengi.

Ujasiri wa mzee huyu ni wa ajabu. Mfalme anapomchoma kwa ncha ya kisu, hatetemeki, kwa maana anaamini kabisa. Kinyume chake, Trom, akiisha kufahamu kwamba kura haikumwangukia yeye bali binti yake, anafarijika. Orual anaiona faraja ile katika uso wa baba yake, naye hamsamehe kamwe. Hapa tunamkumbuka Kayafa, aliyeshauri kwamba inafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu (Yn. 11:50). Yohana anatuambia kwamba Kayafa alitabiri kweli bila kujua. Lakini kwa upande wake mwenyewe lilikuwa shauri la mtawala anayetafuta usalama kwa mwili wa mtu mwingine.

Psyche anapelekwa mlimani. Kisha mvua inanyesha, mto unajaa, homa inakoma. Lewis hakuifuta mvua ile katika hadithi yake, na kwa hiyo msomaji hapati njia rahisi ya kutoka. Watu wa Glome walitoa kafara na mvua ikanyesha. Mhubiri anayedhani kwamba atayashinda matambiko kwa kusema tu kwamba hayafanyi kazi, ajue kwamba siku mvua itakaponyesha baada ya tambiko, mahubiri yake yatakuwa yamekwisha.

4. Mungu mke asiye na uso

Miaka mingi baadaye, Orual akiwa malkia, Arnom anafanya matengenezo katika hekalu. Analeta sanamu mpya iliyochongwa kwa ufundi wa Kiyunani, yenye sura nzuri ya mwanamke, na kuisimamisha karibu na jiwe la kale. Malkia anapouliza maana ya Ungit, Arnom, ambaye amejifunza mengi kutoka kwa Mbweha, anamweleza kwamba Ungit ni ardhi, na habari nyingine ni mafumbo. Orual anajiuliza: kama ndivyo, kwa nini jambo jepesi hivyo likafunikwa kwa hadithi ya ajabu namna ile?

Wakati huo huo anaingia mwanamke maskini, machozi yakimtoka, akiwa na njiwa. Njiwa anachinjwa, damu inamwagwa juu ya jiwe. Mwanamke anaanguka kifudifudi, analia kwa muda mrefu, kisha anainuka akiwa ametulia. Malkia anamwuliza kama huwa anaomba mbele ya jiwe lile au mbele ya sanamu mpya. Anajibu kwamba sikuzote huomba mbele ya jiwe. Yule wa Kiyunani, asema, asingeielewa lugha yake. Ni wa wakuu na wasomi, wala hana faraja.

Ndugu wasomaji, kisa hiki kinatuhusu sisi tuliopita katika vyuo vya teolojia kuliko mtu mwingine yeyote. Twaweza kurudi usharikani na Mungu aliyechongwa vizuri, mwenye sifa zilizopangwa kwa utaratibu, tukamweka mbele ya watu, nao wakamheshimu siku ya Jumapili. Lakini mtoto anapougua usiku, wanakwenda kwenye jiwe. Tusiseme haraka kwamba imani yao ni haba. Yamkini tumewapa maelezo mahali walipohitaji mtu wa kumlilia.

Hata hivyo Lewis hatuachi tukidhani kwamba jiwe latosha. Jiwe halina uso. Yule mwanamke alipata faraja, lakini hakuongea na mtu anayemjua kwa jina. Jiwe lile lile lililokunywa damu ya njiwa lilimdai Psyche. Faraja na hofu zilitoka katika shimo moja, na hakuna aliyejua kesho litatoka lipi.

5. Mimi ndimi Ungit

Sehemu ya pili ya riwaya ni fupi, nayo inaupindua ushuhuda wote wa kwanza. Orual aliwashtaki miungu kwamba ni walaji wa watu. Sasa anaanza kujiona. Bardia, jemadari wake mwaminifu, anakufa, na mjane wake Ansit anamwambia malkia kwamba amejishibisha kwa maisha ya watu: amemchosha Bardia kwa kazi na kwa kumtaka daima awe karibu naye, hata mke hakubakiziwa kitu. Orual anakumbuka pia alivyomlazimisha Psyche, aliyekuwa hai na mwenye furaha mlimani, avunje ahadi yake kwa mume wake, na jinsi alivyofanya hivyo kwa jina la upendo. Katika maono baba yake anamwongoza chini ya ardhi na kumweka mbele ya kioo, naye anakiri kwamba yeye mwenyewe ndiye Ungit.

Kwa lugha ya Kilutheri twaweza kusema kwamba hapa sheria imekamilisha kazi yake. Dhambi haikuonekana katika makosa yake peke yake, bali katika lililokuwa bora kwake, yaani upendo wake. Luther alifundisha kwamba mwanadamu amejipinda ndani ya nafsi yake, akitafuta yaliyo yake hata katika mambo ya Mungu. Orual ni mfano hai wa fundisho hilo.

Naye Mbweha, katika maono hayo hayo, anaungama. Alimlisha Orual semi nzuri za kifalsafa kana kwamba zilitosha. Kuhani, asema, alijua angalau kwamba lazima iwepo dhabihu, na kwamba kinachodaiwa ni mtu mzima hata mizizi yake. Kwa hiyo riwaya haikubali kwamba kafara ni upuuzi. Kosa la Glome halikuwa kuamini kwamba dhabihu inahitajika. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mungu ana njaa, na kwamba njaa yake hutulizwa kwa kumtoa mwingine.

6. Nani hutoa, nani hula

Sasa twaweza kulirudia swali la mwanzo. Tofauti kati ya Ungit na Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo haipo katika kwamba mmoja ana habari ya damu na mwingine hana. Maandiko hayaturuhusu kusema hivyo. Tofauti ipo katika mambo matatu.

Kwanza, ni nani anayetoa. Katika Glome watu hutoa na mungu mke hupokea. Katika Maandiko, hata chini ya agano la kale, Mungu ndiye anayesema kwamba amewapa watu damu juu ya madhabahu iwe upatanisho (Law. 17:11). Anasema wazi kwamba hana njaa, na kama angekuwa na njaa asingewaambia wao (Zab. 50:12-13). Nabii Yeremia anashuhudia kwamba kuwachoma wana na binti motoni ni jambo ambalo Bwana hakuliamuru wala halikuingia moyoni mwake (Yer. 7:31). Katika agano jipya, Mungu ndiye aliyemweka Kristo awe upatanisho (Rum. 3:25), na Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Kor. 5:19). Gustaf Aulén, mwanateolojia Mlutheri wa Sweden, alisisitiza jambo hili katika kitabu chake maarufu Christus Victor: katika kazi ya upatanisho, tangu mwanzo hata mwisho, Mungu mwenyewe ndiye mtendaji. Ghadhabu ya Mungu dhidi ya dhambi ni ya kweli, wala hatuifuti. Ila hakuna mtu aliyemtafutia Mungu kitu cha kumtuliza. Yeye ndiye aliyetutafuta.

Pili, ni nani anayetolewa na kwa namna gani. Psyche aliangukiwa na kura, na mfalme akafurahi kwamba si yeye. Kristo asema kwamba hakuna amwondoleaye uhai wake, bali autoa mwenyewe (Yn. 10:18). Pale msalabani Mfalme hakujificha nyuma ya binti yake. Mfalme ndiye aliyetolewa.

Tatu, ni nani anayekula. Katika Glome mwanadamu ni chakula cha Mnyama. Katika Kanisa, usiku ule aliotolewa, Bwana alitwaa mkate akawapa wanafunzi wale. Utaratibu wote umegeuzwa. Mungu hali watu. Mungu anawalisha watu, na chakula ni yeye mwenyewe. Tunapofundisha kwamba mwili na damu ya Kristo vipo kweli katika Sakramenti ya Altare, tunafundisha pia, tujue tusijue, kwamba Ungit ameshindwa.

Ndiyo maana Waluther wa kwanza walishika msimamo mkali kuhusu misa kuwa dhabihu ya kumpatanisha Mungu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 24, linasema kwamba Kristo alijitoa mara moja kwa dhambi zote. Melanchthon, katika Utetezi wa Ungamo hilo, alitofautisha dhabihu ya upatanisho, ambayo kwa kweli ni moja tu, yaani mauti ya Kristo, na dhabihu za shukrani: kuhubiri Injili, imani, sala, mateso ya watakatifu na matendo mema yote. Wasiwasi wao ulikuwa kwamba madhabahu isigeuke tena mahali pa kumlisha Mungu ili asiwadhuru watu.

7. Mambo ya kuzingatia katika huduma

Kutokana na hayo, tunapenda kuwashirikisha watumishi wenzetu mambo manne.

La kwanza ni kuhusu washarika wanaorudi kwenye matambiko wakati wa ukame au ugonjwa. Tusiwacheke kama Mbweha, wala tusiwatishe kama Kuhani. Tuwaulize wanamwogopa nani na wanamlilia nani, kisha tuwapeleke kwa yule mwenye uso, maana Mungu ambaye hakuna mtu aliyemwona, Mwana pekee amemfunua (Yn. 1:18). Wala tusiwahesabu wote kuwa watu wa Glome; mengi ya matambiko ya wazee wetu ni karamu ya ukoo na ukumbusho wa waliotangulia, na kila moja lapasa kupimwa kwa haki.

La pili ni kuhusu sadaka. Mhubiri anayewaambia watu kwamba wasipotoa watapatwa na balaa, na wakitoa zaidi watafunguliwa, ameliweka jiwe jeusi juu ya altare, hata kama amelifunika kwa kitambaa chenye msalaba. Sadaka ya Mkristo ni shukrani ya mtu aliyekwisha kulishwa. Paulo anatusihi kwa huruma zake Mungu tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai (Rum. 12:1). Huruma imetangulia, dhabihu yafuata.

La tatu ni kuhusu wanaotolewa kafara kati yetu. Bibi mzee anayeitwa mchawi kwa sababu mvua imekatika au macho yake ni mekundu. Mtoto anayelaumiwa kwa mikosi ya nyumba. Watu wenye ualbino, ambao mauaji yao yaliishtua Tanzania, hasa tangu mwaka 2007, wakiwindwa na watafutao mali kwa viungo vyao. Waliowawinda hawakutafuta mvua, lakini walifuata imani ile ile kwamba uzima wangu hupatikana kwa mwili wa mwenzangu. Kanisa linaloungama kwamba dhabihu ilitolewa mara moja tu (Ebr. 10:10) halina ruhusa ya kunyamaza mtu mwingine anapofungwa kwenye mti. Si neno la siasa lililoongezwa juu ya Injili. Ni Injili yenyewe.

La nne linatuhusu sisi wenyewe. Orual alikuwa malkia mwema, mwenye kazi nyingi na wajibu mzito, na ndivyo alivyowala watu. Mchungaji naye aweza kumla mwinjilisti wake, wazee wa usharika, mke wake na watoto wake, huku akisema kwamba yote ni kwa ajili ya kazi ya Mungu. Yatupasa tujihoji ni nani anayechakaa ili huduma yetu isitawi.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba hadithi ya Glome haimpi ushindi Kuhani wala Mbweha. Kuhani alijua kwamba dhabihu yahitajika, lakini hakujua kwamba Mungu mwenyewe angeitoa. Mbweha alijua kwamba Mungu hana wivu, lakini hakujua ni kwa gharama gani Mungu huwakaribia watu. Mwanafunzi atakapotuuliza tena tofauti ni nini kati ya Mungu wetu na miungu inayodai damu, tusianze kwa kuuondoa msalaba wala kwa kumtisha. Tumpeleke kwenye Meza ya Bwana, tumwonyeshe ni nani anayetoa na ni nani anayelishwa, na tumpe nafasi ale pamoja nasi.